Mzee Kimya wa Bawa la Kulia

Setif, Jumanne

Kaka yangu Toufik,

Nakusalimu kwa salamu za asubuhi na za jioni kwa pamoja, maana sijui bahasha hii utaifungua saa ngapi. Natumaini wewe, wifi yangu Hassiba na Selma hamjambo, na baridi ya Montreal haijawagandisha. Selma ameshaota lile jino la mbele? Mwambie shangazi yake anauliza. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Theluji imeyeyuka na kutuachia tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Na kabla hujauliza, kwa kuwa najua ndilo la kwanza utakalouliza: Mzee Kimya amepona. Ametoka hospitali, anakula, na analalamika kwamba supu yangu ya shorba haina chumvi. Basi soma kwa moyo mtulivu, humu hamna msiba.

Utashangaa kuona nimekuandikia barua ya karatasi kama watu wa zamani, wakati kila Ijumaa tunapigiana kelele masikioni. Nimeandika kwa sababu karatasi haikatiki. Usinibishie, kaka. Kuna neno moja ambalo nikilitaja tu unasema mtandao umekuwa mbaya, halafu kimya. Mtandao wako huo mbaya umenichosha miaka sita sasa. Kwa hiyo nimempa bahasha binamu wa mwenzetu Zoubir anayekuja huko, nikamwambia akukabidhi mkononi mwako na asikubali chai mpaka uichukue. Nina jambo la kukwambia na nitalifikia. Usiruke mistari kulitafuta, najua unavyosoma.

Nianze na Ijumaa ile. Wewe uliiona kutoka angani tu, mimi niliiona kutoka chini. Unajua Ijumaa zangu zilivyo: sala, kuskusi, vyombo naviacha kwenye karo, nakaa mbele ya kompyuta, nafungua mchezo wetu wa ndege za vita na kuvaa spika masikioni. Kuanzia hapo mimi si Wassila mfamasia tena, ni rubani wa mwaka wa arobaini na tatu katika uwanja wa Youks nje ya Tebessa, na injini yangu inakohoa. Watu wengine wakisikia wanacheka. Shangazi Ouarda aliwahi kuniuliza kama wanaume wamekwisha Setif hata nikaona bora nipigane na Wajerumani waliokwishakufa. Nilimwambia hao angalau wanafika kwa wakati.

Siku ile Zoubir alikuwa ametuandalia safari ya kusindikiza ndege za mabomu hadi njia ya milimani ya Kasserine. Unamjua Zoubir. Wiki nzima anang'oa meno ya watu wa Batna, na mapumziko yake yote anayamaliza kutafuta siku fulani ya kweli ilikuwaje: mawingu yalikaa wapi, zilipaa ndege ngapi, nani hakurudi. Kisha anatusomea kwa sauti ya imamu, na ole wake atakayetafuna kitu. Ana sheria mbili. Ya kwanza, hakuna watazamaji, anayeingia sharti aruke. Ya pili, marehemu hasemi: ukitunguliwa unafunga mdomo mpaka ndege ya mwisho itue. Hiyo ya pili wewe ndiye mvunjaji wake mkuu. Ukitunguliwa unalia hadi majirani wa Hassiba wanagonga ukuta.

Na Mzee Kimya alikuwa mahali pake, nyuma yako, kwenye bawa lako la kulia. Unakumbuka alivyoanza? Ilikuwa msimu wa zabibu wa mwaka juzi. Niliwaambia kwamba kuna mzee mstaafu wa mtaani kwetu, hana maiki, huandika tu, naomba mumpokee. Zoubir akasema sawa, ilimradi aruke. Kuruka kwenyewe kukawa balaa. Kila akitaka kupaa ndege inakwenda kushoto, inagonga mapipa ya mafuta, moto. Zoubir akasema huyu mzee ni jeshi la adui, ametumwa kutumaliza kabla hatujaondoka. Wewe hukucheka. Ulibaki naye Ijumaa baada ya Ijumaa, sisi tumeshakwenda zetu, nami nikikusikia ukimwambia, "Mguu wa kulia, Mzee. Kanyaga mguu wa kulia. Usiibembeleze, haikupendi hiyo!" Siku aliyopaa mara ya kwanza ulipiga vigelegele, wewe mwanaume mzima, na Selma akaamka akilia.

Tangu hapo hakuwahi kukuacha. Hatungui mtu, hafukuzi mtu, ukigeuka anageuka, ukishuka anashuka. Zoubir alikuwa akimtania, "Mzee, hizo risasi unamwekea nani, wajukuu?" Naye, kwa kidole kimoja, baada ya muda wa kutosha kuchemsha kahawa, anaandika neno lake lile lile, "Nipo." Wewe mwenyewe ulisema tangu apate kupaa hujatunguliwa kwa nyuma hata mara moja.

Basi Ijumaa ile, tulipokuwa tukipanda juu ya mawingu, aliandika kwamba kichwa kinamuuma kidogo. Mimi nikamjibu anywe kahawa. Mfamasia mzima! Nje theluji ilikuwa imefika kwenye vizingiti, upepo unavuma tangu alfajiri, na mimi namwagiza kahawa.

Mengine ulikuwepo, lakini niache niyasimulie, nimekuwa nikiyarudia kichwani kila siku. Wajerumani walitushukia kutoka upande wa jua kama Zoubir alivyotuahidi. Ulipiga kelele tugeuke kushoto, ukageuka, nikageuka, Zoubir akageuka. Mzee Kimya alikwenda moja kwa moja. Zoubir akacheka, akasema mwacheni, Mzee anakwenda Tunis kununua mafuta ya zeituni. Mimi nikasema ameondoka kitini kutawadha, Alasiri imekaribia. Na nilikuwa naamini hivyo, Wallahi. Kumbuka yeye ni mtu wa kukaa kimya. Ukimya wake haukunishtua hata kidogo.

Ni wewe uliyeshtuka. Ulisema, "Huyu hajawahi kuniacha nigeuke peke yangu." Kisha ukaziacha ndege za mabomu katikati ya vita na kumfuata. Zoubir alikutukana kwa Kiarabu, kwa Kifaransa na kwa lugha ya bibi yake wa milima ya Aurès, maana ndege tatu zilikuwa zikiungua, nawe huyo unatokomea mashariki nyuma ya mzee mmoja. Ukamfikia. Ukatikisa mabawa mbele yake. Ukafyatua risasi mbele ya pua yake. Hakuna kitu. Ndege yake ilikuwa inapanda polepole, imenyooka, na kwenye mstari wa maandishi palikuwa na herufi moja tu iliyorudiwa, nnnnnnn, kama mtu aliyelaza mkono juu ya vitufe.

Hapo ukaniuliza, na sauti yako sikuijua: "Wassila, huyo mzee anapasha nyumba joto kwa kitu gani? Hita ya gesi?" Nikasema ndiyo, kama wote huku. Ukasema, "Alisema kichwa kinamuuma." Nikaikumbuka ile kahawa. Ukasema, "Wewe unapajua anapokaa? Basi ondoka kwenye kiti hicho, kimbia! Unangoja nini!" Umekaa miaka yote hiyo kwenye nchi ambayo nyumba zinapashwa joto kwa umeme, kaka, na bado mtoto wa Setif aliyemo ndani yako alijua kabla yetu. Kila majira ya baridi tunasoma majina ya familia nzima zilizolala na hewa ya sumu ya hita na kutoamka. Sijui kwa nini mtu hufikiri majina hayo ni ya watu wengine tu.

Nilikimbia na ndara, bila koti. Ni mitaa miwili tu, lakini njia nzima ni mteremko wa barafu. Nilianguka mbele ya duka la mkate, muuzaji akatoka kunisaidia, nikamsukuma. Ufunguo ninao, nitakwambia kwa nini ninao. Nilipofungua mlango nilipokelewa na joto zito la hamamu. Alikuwa mbele ya kompyuta, kichwa juu ya meza, spika masikioni, uso mwekundu kana kwamba ametoka kucheka. Injini yake ilikuwa bado inanguruma. Nikavunja kioo cha dirisha kwa kigoda, nikazima gesi, nikamshika makwapani. Mzito! Jirani yake, mama mwenye magoti mabovu anayechukua robo saa kushuka ngazi, alishuka siku hiyo sijui kwa miguu ya nani. Tukamburuta hadi nje, tukamlaza kwenye theluji juu ya zulia la mlangoni, na jirani akawa anampiga makofi ya mashavuni huku akimwita mkaidi, mpumbavu, punda wa Mungu, amka. Akaamka. Akatutapikia miguuni, sote wawili, na sijawahi kufurahia matapishi kiasi kile maishani mwangu.

Zimamoto walifika, wakamvisha oksijeni. Mmoja wao akaingia ndani na kifaa chao cha kupima hewa, akatoka amekunja uso. Alisema dakika kumi zaidi tungekuwa tunazungumza mengine. Mkononi alikuwa ameshika kitambaa. Tundu la hewa la chumba kile lilikuwa limezibwa nacho, limezibwa vizuri, kwa uangalifu, na kisu cha jikoni kimetumika kukisukumiza ndani.

Ndani ya gari la wagonjwa ndipo nilipowaandikia kwamba yu hai. Zoubir alinisimulia baadaye kwamba hukuondoka. Aliniambia uliruka ubavuni mwa ile ndege isiyo na mtu mpaka mafuta yake yakaisha, ukashuka nayo mpaka ikaanguka mahali fulani mpakani, ukawa unazunguka juu ya ule moshi. Kisha ukaona ujumbe wangu, naye akakusikia ukilia. Anasema hakuwahi kudhani utamlilia hivyo mtu ambaye hata jina lake hulijui.

Jina lake unalijua, kaka. Nyumba niliyoikimbilia ina mlango wa kijani wenye komeo la shaba ambalo wewe na mimi tulikuwa tukiligombania nani aligonge. Jirani mwenye magoti mabovu ni Mama Yamina. Ufunguo ninao tangu nilipokuwa msichana wa shule. Mzee Kimya ni Baba.

Sasa vuta pumzi. Usiitupe barua. Hassiba, kama uko karibu, mkalishe.

Sikupanga kukudanganya, ilianza kwa kuskusi. Ijumaa moja Baba alichelewa kuondoka kwangu baada ya chakula, nami nikaingia chumbani kuruka na nyinyi, spika za masikioni zimeharibika, sauti zote zinatoka nje. Tulipomaliza nikamkuta amekaa kwenye korido, juu ya kile kiti cha viatu, kikombe mkononi, kahawa imepoa na kuota utando. Alikuwa amekusikia ukicheka. Ijumaa iliyofuata alikuja mapema na kukaa pale pale. Ya tatu akaniuliza kama inawezekana asikie akiwa kwake, bila wewe kujua. Akasema, "Akijua ni mimi atatoka. Niache nimsikie tu." Nikamweleza sheria ya Zoubir, kwamba hakuna watazamaji. Akafikiri kidogo, akasema basi itabidi ajifunze kuendesha hilo dude. Mtu wa miaka sabini na mbili, ambaye simu yangu ya zamani hadi leo anaishika kama sahani ya moto! Ndiyo, kaka. Alijifunza kupaa ili aruhusiwe kukusikia, na aliyemfundisha ni wewe. Siku ile ya vigelegele alinipigia simu. Akaniambia, "Ana subira yule. Hakuipata kwangu."

Unakumbuka ile safari ndefu ya kurudi, majira ya joto, adui hakutokea, na Zoubir akakuuliza kwa nini huji nyumbani? Sote tulidhani utasema mtandao ni mbaya. Badala yake ukaeleza. Ukasema Mama alipozidiwa, pasipoti yako ilikuwa imefungiwa kwenye ofisi yao ya uhamiaji, na bado ulikwenda uwanja wa ndege na begi, ukakaa sakafuni mpaka wakakufukuza. Ukasema ulipofika Setif, Mama ameshazikwa siku nyingi, Baba alisimama mlangoni mbele ya watu wa rambirambi na kukwambia nyumba hii haikuwa ikingoja mgeni. Nilikuwepo siku hiyo mlangoni, lakini habari ya pasipoti sikuijua. Wala yeye hakuijua. Alidhani ulichagua kazi. Kwa nini hukusema? Ninyi wawili mna ulimi mmoja, na wote mmeumeza.

Basi ulipomaliza kusimulia, Mzee Kimya aliandika, "Samahani." Nawe ukacheka, ukamwambia, "Wewe samahani ya nini, Mzee wangu? Wewe hukuwepo." Nilizima maiki yangu, nikaenda jikoni kulia na taulo mdomoni. Nilipompigia simu baadaye hakupokea. Ijumaa iliyofuata alikuwa hewani kabla yetu sote, injini imeshapata moto.

Na kile kitambaa, maana nilitaka kumpiga alipopata nguvu ya kupigwa. Nilimwuliza hospitali, "Wewe mtu uliyekuwa ukitukagua kila Desemba, ukipitisha kiganja kwenye tundu la hewa kabla hujaturuhusu kulala, umezibaje tundu?" Akasema siku ile upepo ulikuwa unapiga mluzi humo tangu asubuhi, na alikuwa hasikii vizuri unachosema.

Nilimweleza nani aliyegundua. Oksijeni ilikuwa bado puani. Akauliza, "Aliuacha msafara?" Nikasema aliuacha, na ndege tatu zikaungua. Akasema Zoubir lazima alikasirika. Nikamwambia Zoubir alikasirika kwa lugha tatu. Akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia. Baadaye, nikidhani amelala, akasema, "Mwandikie. Usimpigie, atakata."

Kwa hiyo nimekuandikia, na moyo wangu ni mwepesi leo kuliko ulivyokuwa kwa miaka. Tungekuwa tumemzika, Toufik. Ungepata habari kwa simu, halafu ningelazimika kukwambia kwamba ulikuwa ukiruka naye mwaka mzima na zaidi. Hatukufika huko. Yuko chumba cha pili anabishana na redio. Sikwambii umsamehe, hilo ni lako na hana haki ya kulidai, hata yeye anasema hivyo. Nakwambia tu kwamba amekuwa akimsikia Selma akiomba maji ya matunda kila Ijumaa, na anajua anapenda ya machungwa.

Sasa anakaa kwangu mpaka nyumba yake ibadilishwe hita. Nimemnunulia maiki. Ijumaa ya kwanza baada ya wewe kupokea barua hii, atakuwa kwenye laini kabla ya safari, naye anataka kusema kabla hajaruka. Ukiona huwezi, usiingie, nitamwambia una kazi, na tutaelewa. Lakini ukiingia, kaka, usimharakishe. Asubuhi hii nilimkuta jikoni amenipa mgongo, kapeleka mdomo karibu na kile kimaiki ambacho hata hakijaunganishwa, anajizoeza kuliita jina lako. Analianza, anakohoa, anaanza upya. Nilisubiri kwenye korido mpaka akalimaliza.

Nisalimie Hassiba sana, na umbusu Selma kwenye paji la uso kwa niaba yetu sote wawili. Mama Yamina anakutumia dua na anasema magoti yamerudia ubovu wake. Zoubir anakusalimu pia. Anasema kuhusu zile ndege tatu za mabomu amekusamehe, ila usizoee.

Akupendaye daima, dada yako mkaidi,

Wassila